Mtakatifu wa Kufukuza Ndege

Mimi sisomi kimya. Wajukuu wangu wanalijua hilo, majirani wanalijua, na nadhani mpaka watu wa Kasansa huko wanajua leo bibi amefika ukurasa wa ngapi. Nikishika riwaya zangu ninazozipenda, zile zenye msichana mcha Mungu, adui mlangoni, kijana mwenye adabu asiyeshika mkono wa mtu mpaka ndoa, na sala mbili tatu humo ndani za kutuliza moyo, basi nyumba nzima inasoma nami, itake isitake. Juzi mjukuu wangu aliniletea kitabu kimoja kutoka Mpanda mjini. Kilikuwa kimenyeshewa kikaanikwa, kurasa zimevimba kama maandazi. Nilikinusa kabla sijakifungua. Kilinuka ukungu na jua.

"Bibi, kitabu kinasomwa kwa macho, hakisomwi kwa pua."

Nikamwambia kaa chini wewe, pua hii ilianza kusoma kabla mama yako hajazaliwa. Lakini hata kumjibu nilimjibu kwa mbali, maana harufu ile ilikuwa imeshanibeba ikanipandisha tena juu ya dungu.

Nyie wa umri wangu mliokulia bondeni kwetu hamhitaji kuelezwa dungu. Wengine wajue tu kwamba ni kichanja cha miti, kirefu kuliko mtu mzima, kinachosimikwa katikati ya shamba la mpunga. Mtoto anapandishwa huko alfajiri na kombeo lake na rundo la mabonge ya udongo, na kazi yake ni kuamia, yaani kufukuza ndege, mpaka jua lizame. Ndege wenyewe ni kweleakwelea. Kama hujawaona, usiseme umeona wingi. Mimi siku moja niliwahesabu nikafika milioni kumi na moja, na mmoja alikuwa kiwete.

Nilikuwa nimemaliza darasa la pili. Shule ilipofunguliwa, ndiyo wiki mama alijifungua mdogo wetu wa kike, na shambani pakakosa mtu. Baba aliniita nyuma ya nyumba. Yeye hakuwa ananiita jina, aliniita "mama", kwa sababu nimerithi jina la mama yake mzazi, na hilo lilifanya hata amri zake zisikike kama anaomba.

"Mama, nisikilize. Mwaka huu hutakwenda shule mpaka tuvune. Ndege wasipoumaliza mpunga, kihenge kikajaa mpaka ule mkanda wa juu, mama yako atakaa nyumbani na mtoto wake, na wewe utarudi darasani. Kihenge kisipojaa, mama yako atakwenda kulima kibarua kwa watu, na mtoto utabaki naye wewe. Umeelewa?"

Nilielewa. Siku hizo serikali ilikuwa bado haijaanza kuwasaka wazazi kwa mambo ya shule. Shule yangu ilikuwa ndani ya kihenge, ghala letu la mpunga, na funguo zake walikuwa nazo ndege.

Juu ya dungu kulikuwa na nafasi ya kukaa, na kusimama, na basi. Kulala ilibidi ujikunje kama konokono. Kivuli kilikuwa matita matatu ya nyasi, na jua lilijua njia ya kuyapita yote matatu. Chini kulikuwa na maji ya majaruba, na ndani ya maji ruba wanaongoja miguu. Kushuka ni marufuku, maana ukishuka ndege wanashuka nao. Kila asubuhi nilikuwa nawaona wenzangu kwa mbali wakipita kwenye tuta kuelekea shule, madaftari kichwani, wakiimba. Walikuwa wakinipungia mkono. Nawapungia. Wanapotea nyuma ya matete, wimbo unabaki kidogo, halafu unabaki upepo. Jela nyingine zina kuta. Yangu ilikuwa wazi pande zote nne, unaona mpaka milima, na huna pa kwenda.

Aliyeniletea kitabu alikuwa Katekista Anatoli, mtu mrefu mwenye baiskeli fupi, aliyeongoza sala kwenye kigango chetu kwa sababu padre alifika mara chache, na wakati wa masika hakufika kabisa. Alikuja kumwona mama na kichanga, akanikuta jioni nasoma maandishi kwenye gunia la mbolea. Nilikuwa nimelisoma gunia lile mpaka nalijua kwa moyo.

"We mtoto, utasahau kusoma," akasema. Jumapili yake akanitolea kitabu kutoka kwenye sanduku la kigango. Hakikuwa na jalada, mvua ilikuwa imekipata njiani siku nyingi zilizopita, kimevimba, na ukurasa wa kwanza una sala. "Haya ni maisha ya watakatifu. Soma kwa sauti. Maneno matakatifu hayanong'onwi kama umbea."

Kumwambia mtoto wa darasa la pili asome kwa sauti ni kumwambia samaki aogelee. Sisi shuleni tulisoma kwa pamoja, watoto sitini, paa linatikisika. Kusoma kwingine nilikuwa sikujui. Basi kesho yake nikapanda dunguni, nikakifungua, nikaanza kupiga kelele.

Kilikuwa ni kisa cha msichana aitwaye Melisiana, katika mji wenye ukuta, zamani za Wakristo wa kwanza. Liwali wa mji alikuwa mkatili. Melisiana peke yake ndiye aliyejua waamini wanapokutania kusali, akakataa kutaja, wakamtupa ndani ya kisima kikavu mpaka atakaposema. Nilipofika hapo nilisimama nikatazama majaruba yangu. Yeye chini, mimi juu. Yeye anaona kipande cha mbingu kama sahani, mimi naiona yote. Lakini tulikuwa tumefungwa wote, na kuanzia siku hiyo tulikuwa wawili.

Nikasoma kwa bidii. Neno gumu nililipiga silabi kwa silabi kama mtu anayetwanga: wa-na-po-ku-ta-ni-a! Na jambo la ajabu likatokea. Ndege hawakutua. Wanakuja kama moshi, wanainama juu ya shamba letu, wananisikia, wanainuka, wanakwenda kutua kwa jirani yetu Mama Odilia.

Mama Odilia alikuwa kwenye dungu lake, mwendo wa mawe mawili ya kombeo kutoka kwangu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kufukuza.

"We mtoto! Unawasomea nini hao ndege?"

"Maisha ya mtakatifu!"

"Mtakatifu gani?"

"Melisiana!"

"Basi mwambie awatoe na huku!"

Ilikuwa Kwaresima. Jumapili, Katekista Anatoli akaongoza litania. Mnajua inavyokwenda: yeye anataja mtakatifu, kanisa linajibu "utuombee." Petro, utuombee. Paulo, utuombee. Mwishoni alikuwa na desturi ya kuwaachia waamini kila mmoja ataje somo wake, mtakatifu wa jina lake. Wakataja wa kwao. Nikaona hakuna anayemkumbuka mwenzangu kule kisimani, nikasema kwa sauti ile ile ya dunguni:

"Mtakatifu Melisiana!"

Katekista aliinua mkono kuzuia. Lakini litania ni kama ng'ombe wanaoteremka mtoni, huwezi kuisimamisha. Kanisa zima likaitika: "Utuombee!" Na Mama Odilia alijibu kwa nguvu kuliko wote.

Nje, mlangoni, Katekista aliniinamia. "Huyo umemtoa wapi?"

"Kwenye kitabu ulichonipa."

Niliuona uso wake ukitafuta mahali pa kujificha. Mimi mtoto nilidhani ananistaajabia. Leo najua alikuwa amesoma sala ya ukurasa wa kwanza tu, na watu walikuwa wamesimama wanasikiliza.

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akijikohoza. "Mfiadini yule. Wa zamani sana."

Ikawa imetosha. Ndani ya wiki mbili, Melisiana alikuwa mtakatifu wa kufukuza ndege bonde zima. Akina mama walimwita kwenye majaruba. Mzee mmoja alikata msalaba akaandika jina lake kwa mkaa, akausimika shambani, na ndege wakatua juu ya huo msalaba wakapumzika. Wakasema mzee hana imani. Mpunga wetu ulikuwa umesimama umenyooka, umejaa maziwa, na baba akitembea kwenye tuta ananiangalia juu kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia.

"Mama, mkanda wa juu tutaupita," akasema. "Na huyu mdogo wako, padre akija, tutambatiza Melisiana."

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeanza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu kwenye kitabu kulikuwa na askari. Jina lake Marselo. Alikuwa analinda kisima, na kila alfajiri alimteremshia Melisiana maji kwa kibuyu, bila liwali kujua, na kurasa zilivyokwenda alianza kuteremsha na maua. Maua! Mgonjwa wa kiu anapelekewa maua! Na Melisiana, badala ya kusali, aliyaweka penye mwanga. Mikono yao haikugusana, hilo nawahakikishia, kilikuwa kitabu safi, unaweza kukisoma mbele ya mkwe. Lakini mimi nilikuwa najua ninachokiona.

Nikamfuata Katekista. "Eti mtakatifu anaweza kumpenda askari?"

Akaminya tairi la baiskeli yake. "Kumpenda jirani ni amri ya Mungu."

"Akimpenda sana?"

"Nenda ukaamie ndege, mwanangu."

Nikaenda. Sasa nilikuwa nimefungwa mara mbili. Nilifungwa dunguni, na nilifungwa na uongo ambao sikuwa nimekusudia kuusema. Nikimwambia baba kwamba Melisiana pengine si mtakatifu, jina la mdogo wangu litakuwaje? Na kama ni yeye kweli anayezuia ndege, nikimsema vibaya atawaachia ndege mpunga, na shule yangu itakwenda. Nilikuwa nikisoma kwa sauti na huku moyoni namwomba radhi yule ninayemsoma. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba ndege walikuwa wanaogopa kelele zangu. Hata watu wazima haikuwajia. Mtu anayelizwa na ndege tangu alfajiri hafikirii sauti. Anafikiria muujiza.

Ikabaki kama wiki mbili mpunga ukauke. Siku hiyo nilifika kwenye kurasa za mwisho mwisho. Marselo ameteremsha kamba kisimani. Melisiana amejifunga kiunoni. Anavutwa taratibu, mchanga unadondoka, na pale juu walinzi wa liwali wanapita. Mmoja anasimama mdomoni mwa kisima kufunga kiatu. Kitabu kikasema Melisiana alizuia pumzi.

Nami nikazuia. Halafu nikatambua jambo la kutisha: nilikuwa napiga kelele! Mlinzi yuko pale, ameinama, na mimi mpumbavu niko juu ya dungu natangaza mpaka Majimoto wanasikia kwamba Melisiana yuko kwenye kamba!

Nikashusha sauti. Mlinzi akafunga kiatu cha kwanza. Nikanong'ona. Akaanza cha pili. Midomo ikasimama kabisa, yakabaki macho yanakimbia peke yake juu ya mistari, na maneno yakaendelea kuingia kichwani bila sauti yoyote, kama maji yanavyoingia jaruba. Sikuwa najua mtu anaweza kufanya hivyo. Hakuna aliyenifundisha. Kwa mara ya kwanza tangu nipandishwe kule sikuwa kule. Hapakuwa na jua, hapakuwa na ruba, hapakuwa na tuta la wenzangu. Nilikuwa kwenye kamba, nateleza, napanda, na dunia ilikuwa kimya kabisa.

Nilisoma kurasa ngapi? Sijui. Nakumbuka kivuli kilipita juu ya karatasi nikadhani ni wingu, nikashukuru. Nakumbuka mlio kama wa mvua inayonyesha kwenye majani makavu, nikadhani ni mvua. Nakumbuka sauti ya Mama Odilia, sauti yake iliyokwisha, ikiita kwa mbali sana, nikadhani ni mtu wa kitabuni.

Nilipoinua uso, mpunga haukuwepo. Shamba lilikuwa kahawia, na lile kahawia lilikuwa linatembea. Nilipiga yowe, nikarusha kombeo na bonge, na kombeo lenyewe likaenda nalo. Waliinuka wote pamoja, jua likafa, na walipokwisha kupita nikaona mashuke yamesimama wima, mepesi, yanacheza na upepo kama nyasi za porini.

Baba alifika anakimbia majini. Akasimama chini ya dungu. Alichuma shuke moja, akalisugua viganjani, akapuliza. Hapakubaki kitu kiganjani.

"Ulilala?"

"Sikulala, baba."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

"Nilikuwa nasoma kimya. Mlinzi angemsikia."

"Mlinzi gani?"

Nikamwambia yote, nalia, kwa fujo: kisima, kamba, kiatu, Marselo, maua, na kwamba Melisiana nadhani si mtakatifu. Nilijiandaa kwa fimbo. Wapo akina baba waliopiga watoto kwa ndege wachache kuliko hao. Baba alipanda ngazi mbili za dungu, akakaa hapo, miguu bado imo majini, mgongo kwangu, anatazama shamba.

"Nisomee," akasema. "Nisomee hicho kilichokula mpunga wangu."

Baba hakujua kusoma. Nikamsomea. Sauti ilikuwa inakatika, lakini nikasoma yaliyobaki mpaka mwisho: walivyotokea juu, walivyovuka ukuta, liwali alivyopinduliwa, na askofu mzee alivyowafungisha ndoa ndani ya pango, mbele ya wale waamini ambao Melisiana alikataa kuwataja. Nilipofunga kitabu ndege wachache waliobaki walikuwa wanaokoteza miguuni petu, na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa hiyo ameolewa," baba akasema.

"Ameolewa."

"Basi si mtakatifu."

"Si mtakatifu, baba."

"Lakini alitoka."

"Alitoka."

Akajipangusa makapi viganjani. "Haya," akasema. "Mmoja ametoka. Shuka, mama."

Kihenge hakikufika hata mkanda wa chini. Mama alisema neno moja tu, "Kitabu hakiingii chunguni," kisha akachukua jembe lake akaenda kulima kwa watu, na mtoto akabaki nami. Bonde lilipopata habari, walimcheka Katekista Anatoli mpaka baiskeli yake ikaona haya. Mama Odilia peke yake aliendelea kumtaja Melisiana kwenye litania. Alisema ukimwomba mtu msaada halafu ukagundua ana mume, huwezi kumnyang'anya shukrani.

Njia ilipokauka padre akaja. Alimshika mdogo wangu juu ya beseni, akauliza jina, akaambiwa, akamtazama Katekista. Katekista akatazama viatu vyake.

"Melisiana ni nani?"

Baba ndiye aliyejibu. "Padre, ni mtu aliyetupwa shimoni akatoka."

Padre alimtazama baba, akatutazama sisi wengine, na nadhani alikuwa amesafiri mbali na ana njaa. Akatanguliza Maria mbele kwa usalama, akambatiza Maria Melisiana.

Yule wa kitabuni alitolewa kwa kamba. Huyu wa kwetu nilifungwa naye kwa kanga. Msimu huo, na uliofuata, na mwingine, alikaa mgongoni kwangu, mzito kama gunia la chumvi lenye miguu, na nilikuwa nasimama naye kwenye tuta, mahali walipopita wenzangu. Walipita darasa la tatu, la nne, la tano. Baadaye waliacha kunipungia. Hawakuwa wabaya, walikuwa tu wamenizoea, kama mtu anavyozoea mti. Kitabu nilikuwa nacho, Katekista hakutaka hata kukisikia. Nilimsomea Meli, ndivyo tulivyomwita, mgongoni kwa sauti, kila siku, mpaka alipoanza kuyajua maneno kabla sijayafika. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza yule mtoto. Wengine wanaanza na "mama". Yeye alianza na "liwali".

Alipofika umri wa shule, serikali ilikuwa imeshaanza kuja nyumba kwa nyumba na daftari, na Meli akaandikwa. Alimaliza la saba. Akapewa kufundisha kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye kanisa lile lile, taa ya kandili mezani. Mwanafunzi wake wa kwanza, mwenye watoto watatu na mimba ya wa nne, nilikuwa mimi. Niliendelea kutoka darasa la tatu, pale pale nilipokuwa nimesimamishwa, na cheti nilichopata mwishoni nimekitundika ukutani juu kuliko saa.

Jioni ya kwanza alitugawia karatasi. Akasimama mbele yetu, mrefu, chaki mkononi, yule niliyemkogesha na kumlisha uji. Akasema, "Sasa kila mmoja asome kimya kimya."

Wenzangu wakainama. Mimi nikaishika karatasi, midomo ikakataa kutulia.

"Dada," Meli akasema kwa sauti ya chini, "soma tu. Mpunga tumeshavuna."

Nikainua macho nikatazama dari kwanza, kona zote nne, kama kuna ndege. Halafu nikasoma.